Chakula cha Binti Yairo



Injili ya Jumapili hii ya 13 ya Mwaka B yatusimulia habari za binti Yairo, msichana wa miaka 12. Masikio yetu hupenda kuishia pale anaposimama na watu kushangaa. Lakini Marko haishii hapo: anaongeza kwamba Bwana aliagiza msichana apewe chakula. Uhai aliurudisha Yeye. Kumlisha aliwaachia watu wa nyumbani.

Tunalikumbuka agizo hilo kwa ajili ya ndugu zetu waliougua Korona hata wakalazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, wakapumua kwa mashine, kisha wakarudi kwao. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba dharura ya kimataifa ya ugonjwa huo imekwisha. Katika nyumba kadhaa za waamini bado haijaisha.

Mtu akilala majuma kadhaa katika hali hiyo, misuli hunyauka upesi, hata kijiko kikawa kizito mkononi. Mpira uliopitishwa kooni huweza kumwachia sauti ya kukwaruza. Ngazi tatu za kanisa zamkatisha pumzi. Hayo twayaona. Yako na yasiyoonekana: usahaulifu, hofu ya usiku, hesabu za duka alizozizoea kumchanganya. Wengine wanakumbuka maono ya kutisha ya siku zile: kwamba walifungwa kamba, au wauguzi walitaka kuwaua. Madaktari wanaeleza kuwa ubongo wa mgonjwa mahututi huvurugwa na ugonjwa wenyewe na dawa za usingizi. Basi tusikimbilie kusema ana pepo. Tangu mwaka 2012 wataalamu wameyakusanya madhara hayo ya mwili, akili na moyo chini ya jina moja, wakasema kwamba hata jamaa waliokesha nje ya mlango huweza kuumia rohoni. Yaweza kudumu miezi, na kwa baadhi, miaka.

Sisi nasi twataka kila aliyepona afanane na mama mkwe wa Simoni, ambaye homa ilipomwacha aliinuka papo hapo akahudumia wageni. Juma la pili twauliza mbona haonekani jumuiyani. Mwezi wa tatu twamwita mvivu. Tena twamdai Misa ya shukrani, na pilau juu yake. Shukrani ni njema, ila isiwe deni linalodaiwa na majirani. Yupo anayejiuliza usiku kwa nini yeye alibaki na mwenzake wa kitanda cha pili akaenda. Huyo hajibiwi kwa kuambiwa ashukuru tu.

Huko Denmark, Uswidi na Norwe, wauguzi wengi wana desturi ya kumwandikia mgonjwa daftari wakati hajitambui: nani alikuja kumwona, siku gani alifumbua macho. Akipata nafuu hukabidhiwa, ajue siku zake zilikwenda wapi. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo wapo waliokesha, waliosali rozari, waliochanga nauli. Waende wakae naye, wamsimulie polepole, pale atakapotaka mwenyewe.

Nanyi makatekista, mpelekeeni padre habari zake, aletewe Komunyo nyumbani na, akiwa bado dhaifu sana, Mpako wa Wagonjwa, ambao hata leo wengine huudhani kuwa wa wanaokata roho tu. Akina mama wanajua la kupeleka: uji wa karanga, mayai, maharage. Vijana wamshike mkono atembee toka mlangoni hadi mwembeni, na kesho hatua chache zaidi. Siku atakapofika kanisani, atengewe nafasi karibu na mlango, penye hewa. Akiketi wakati Injili inasomwa, aachwe aketi.