Kifua cha mtoto wa SS hakingoji dola milioni mbili



Leo ni 19 Juni, siku ya dunia ya ugonjwa wa SS. Hapa Lubumbashi ni mwezi wa baridi na vumbi, na mama mwenye mtoto wa SS anajua maana yake: baridi inamshika mtoto, mifupa inauma, kisha kifua kinabana.

Tuongee juu ya hicho kifua, sababu njo kinatuulia watoto na watu wanasema tu "balimuloga". Hakuna mtu aliloga. Herufi moja imebadilika katika geni yenye inaongoza mwili kutengeneza damu, na mtoto ameipokea kwa papa na kwa mama, wote wawili. (Papa mwenye anakimbia nyumba akisema ugonjwa ni wa upande wa bibi yake, arudi: nusu ni yake.) Damu ikikosa hewa, chembe nyekundu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo ya mapafu. Tena wengu, yenye kazi yake ni kukamata mikrobu ndani ya damu, kwa mtoto huyu inaharibika mapema sana. Pneumokoki, mikrobu ya nimonia, inaingia katika nyumba isiyo na mulinzi.

Sasa, ile habari mumesoma kwenye simu ni ya kweli. Mwisho wa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliruhusu Casgevy. Wanatoa chembe mama za damu ya mgonjwa, wanarekebisha geni ndani ya laboratwari, wanaua uboho wake wa zamani kwa dawa kali, halafu wanamurudishia chembe zake. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatwa kwa muda wa kutosha, 29 walipitisha mwaka muzima bila shambulio kali la maumivu. Tunafurahi kabisa, na tusidanganywe kwamba sayansi hiyo haituhusu, maana hakuna bara lenye wagonjwa wengi wa SS kuliko Afrika. Lakini bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja, na iliruhusiwa kwa wenye miaka 12 kwenda juu. Watoto wetu wengi wa SS hawafikishi hata 5.

Basi tungoje? Hapana. Daktari Léon Tshilolo wa hopitali Monkole, Kinshasa, na wenzake walipima watoto wachanga zaidi ya 31,000: asilimia 1.4 walikuwa na SS. Kisha akashiriki katika utafiti wa hidroksiurea kwa watoto 606 wa Kongo, Angola, Kenya na Uganda. Matokeo yalitoka Desemba 2018: maumivu yalipungua zaidi ya nusu, malaria karibu nusu, na vifo vikashuka chini ya theluthi ya vile vya mbele ya dawa. Ni vidonge tu, vya kumeza nyumbani. Na penisilini ya kila siku mpaka miaka 5 inajulikana tangu 1986 kuwa inamkinga mtoto wa SS na pneumokoki.

Lakini hapa kwetu mama anajua mtoto wake ni SS siku anafika naye hopitali akihema, na mara ya kwanza anaulizwa kosyo, hata mbele ya oksijeni. Tumeona hiyo kwa macho yetu. Wakati ule ule malori ya shaba na kobalti yanapita kwenda Kasumbalesa, usiku na muchana.

Kwa hiyo tunadai kwa serikali ya provensi: kila mtoto mwenye kuzaliwa Haut-Katanga apimwe SS mbele ya kutoka maternite, bure. Hidroksiurea na penisilini ziwe kwenye senta ya afya ya kila komini, kwa bei yenye muuza makala anaweza. Oksijeni itangulie kosyo. Hakuna hata moja yenye inaomba milioni mbili.

Na sisi vijana, mbele ya kuoana tujue kama tuko AA ao AS. Haizuie ndoa, inasaidia kujipanga.

Barua imekwisha kuandikwa. Tunahitaji sahihi kutoka Katuba, Kenya, Kampemba, Ruashi na komini zingine zote, na mwenye ana mashine ya kupiga kopi atuandikie leo, maana karatasi tuko nazo lakini wino umeisha.