Damu na Pumzi katika Wanyama wa Malagarasi



Darasani tumezoea kuipanga mioyo kwa ngazi: samaki vyumba viwili, chura vitatu, ng'ombe na mtu vinne. Mwanafunzi hutoka akiamini kwamba samaki amechelewa njiani na sisi ndio tuliofika. Leo naipinga ngazi hiyo, na mashahidi wangu wanatoka kinamasi cha Malagarasi na Muyovozi, ardhi oevu ya kwanza ya Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, mwaka 2000, na misitu ya miombo inayokizunguka.

Lita moja ya hewa ina mililita zipatazo 200 za oksijeni. Lita moja ya maji ya vuguvugu, hata yawe safi, haifikishi mililita 7, na chini ya mafunjo, majani yanapooza, hata hizo huisha. Samaki wengi husukuma damu kwa njia moja: moyo, matamvua, mwili, kisha hurudi moyoni. Njia hiyo inatosha kabisa mtoni, penye maji yanayotembea. Kinamasini haitoshi.

Ndipo anapokuja kamongo. Ana matamvua madogo na mapafu mawili, na akishakua hupata takribani asilimia 90 ya oksijeni yake kutoka hewani. Wavu ukimzuia asifike juu, hufa kwa kukosa pumzi akiwa ndani ya maji. Hewa ukaa ni habari nyingine: huyeyuka majini kwa wepesi, kwa hiyo sehemu kubwa huitolea humo humo, kwa matamvua na ngozi. Gesi mbili, milango miwili.

Moyo wake una ukuta usiofika mwisho, na vitabu vingi huuita moyo ambao haujakamilika. Nasema umekamilika kwa kazi yake. Akivuta pumzi, damu nyingi huelekezwa mapafuni. Akikaa chini kwa muda, hupunguzwa huko. Sisi hatuwezi. Moyo wetu wenye kuta kamili unalazimika kupeleka mapafuni damu ile ile inayopelekwa mwilini, kiasi kwa kiasi, tukiwa na pumzi au bila pumzi. Na anayedhani vyumba vinne ndio mwisho wa safari amtazame mamba: anavyo vinne kama sisi, lakini amebakiza mlango mdogo kati ya mishipa mikuu inayotoka moyoni, na anapozama anaweza kuyapitisha mapafu kando.

Sasa mbung'o. Hapa siwezi kupita haraka, kwa kuwa mdudu huyu ameandika historia ya Buha, nchi hii ya Kasulu na Kibondo. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa nchi hii na kuwakusanya katika makazi maalumu kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mdudu anayeishi kwa damu yetu, damu yake mwenyewe haibebi oksijeni. Haina himoglobini wala haipiti katika mishipa iliyofungwa. Moyo ni mrija mmoja mgongoni, unaoimwaga kati ya viungo. Hewa huingia kwa vitundu vya ubavuni na kufuata mirija inayogawanyika hadi ndani ya misuli ya mabawa. Kazi mojawapo ya damu hiyo ni kuleta chakula, na kwa mbung'o chakula hicho ni prolini, asidi amino ambayo huichoma anaporuka. Vimelea vya malale navyo, vikiwa ndani ya damu yetu, hutumia glukosi. Vikiingia tumboni mwa mbung'o hugeukia prolini.

Nyuki wa mizinga yenu hupumua kwa njia hiyo hiyo. Mrina asali anayemtazama nyuki akitua huona tumbo likitanuka na kusinyaa: anasukuma hewa katika mirija. Misuli ya mabawa yake hutumia oksijeni kwa kasi ambayo misuli ya mkimbiaji wetu hodari haifikii. Nani basi yuko chini ya ngazi?

Naona kosa letu ni kupima kila mnyama kwa moyo wa binadamu, badala ya kuuliza anaishi wapi na hewa yake inatoka wapi. Tukiuliza hivyo, vyumba vya moyo vinaacha kuwa orodha ya kukariri.

Walimu wa Kibondo na Kasulu, nawaomba jambo moja. Kambare wanauzwa. Mnunueni mmoja mzima na mumfungue mbele ya wanafunzi, juu ya matamvua, ambapo ana viungo vyekundu vyenye matawi vya kupumulia hewa. Waonesheni viungo hivyo kwanza, kisha ndipo mchore moyo ubaoni.