Kayongo: Ua Zuri Linalomaliza Mahindi Shambani

Mazungumzo kwa wakulima kabla ya msimu wa mvua ndefu



Kila msimu, mahindi yanapofika magotini, kuna mkulima anayesimama kando ya shamba lake asielewe anachokiona. Mvua imenyesha, palizi imefanywa, lakini mahindi yamedumaa. Majani yamejikunja kama yaliyokosa maji na yameanza kuwa manjano. Wiki chache baadaye, katikati ya mistari hutokea maua ya zambarau yanayovutia macho. Mpita njia huyasifu. Mwenye shamba anajua kwamba gunia la mwisho wa msimu limeshapungua.

Mmea huo ni kayongo, kama wengi wanavyouita katika eneo la Ziwa Victoria. Nchini Tanzania huitwa kiduha, na kwa jina la kitaalamu ni Striga hermonthica. Neno striga ni la Kilatini na maana yake ni mchawi. Hata vijijini, shamba likidhoofika bila sababu ya kuonekana, jirani huweza kutiliwa shaka. Lakini kayongo si uchawi. Ni mmea wa msimu mmoja wenye mzizi, shina, majani, maua na mbegu, na anayezijua sehemu hizo anajua pia mahali pa kuushika.

Namna ya kuutambua

Kayongo husimama wima na kwa kawaida haupiti mita 1. Shina lake lina pembe nne, kwa hiyo vidole vikilishika huhisi kingo zake. Majani ni membamba, marefu na yenye ncha. Shina na majani yana vinyweleo vigumu vinavyokwaruza mkono.

Maua hupangika kwenye ncha ya juu ya shina, na yale ya chini hufunguka kwanza. Rangi yake ni ya waridi au zambarau. Kila ua lina mrija mwembamba uliopinda, na mdomo wake umegawanyika sehemu mbili, ya juu na ya chini. Wadudu ndio wanaobeba chavua kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Pwani kuna jamaa yake mdogo, Striga asiatica, ambaye maua yake aghalabu ni mekundu.

Mbegu kama vumbi

Ua likishanyauka, huacha kifuko kidogo. Kifuko kikikauka hupasuka na kumwaga mbegu ndogo mno. Urefu wa mbegu moja ni takriban milimita 0.3, na ukizishika kiganjani utadhani ni vumbi la ugoro. Mmea mmoja unaweza kutoa mbegu 50,000 na hata zaidi. Maana yake ni kwamba mkulima anayeacha mimea 10 ikomae mpakani anaweza kuwa amepanda mbegu 500,000 bila kujua.

Mbegu hizo husafiri kwa upepo, kwa maji ya mvua, kwa matope ya jembe na viatu, kwa samadi ya ng'ombe waliokula mmea huo, na kwa mbegu za mahindi zilizotolewa katika shamba lenye kayongo. Zikishaingia ardhini zinaweza kukaa zaidi ya miaka 10 zikiwa hai.

Yanayotendeka chini ya udongo

Mbegu ya kayongo haioti kwa sababu ya mvua pekee. Unyevu na joto huiandaa tu. Kisha husubiri ishara, na ishara hiyo hutoka kwenye mizizi ya mahindi, mtama au wimbi. Mizizi ya nafaka hutoa kemikali kidogo sana, ambayo kazi yake mojawapo ni kuwaita kuvu wazuri wanaousaidia mmea kupata fosfora. Kayongo huisikia ishara hiyo na kuwahi. Katika udongo uliochoka, wenye upungufu wa fosfora na nitrojeni, mmea huita zaidi. Ndiyo sababu shamba lililolimwa miaka mingi bila samadi huumizwa zaidi.

Mbegu ikishaota, mzizi wake mdogo una siku chache tu za kuufikia mzizi wa nafaka, la sivyo hufa. Ukiufikia hujishikiza, hupenya ndani na kunyonya maji na chakula. Kayongo hukaa hivyo chini ya ardhi kwa wiki 4 hadi 7 kabla ya kuchomoza. Kwa hiyo mkulima anapouona, sehemu kubwa ya hasara imeshapatikana.

La kufanya

Kwanza, kayongo ung'olewe kabla ya kutoa maua. Kuung'oa hakuyarudishii mahindi ya msimu huu nguvu zote, lakini kunaliokoa shamba la miaka ijayo. Mimea iliyokwisha kuchanua isiachwe kwenye mistari wala isipewe mifugo. Ikusanywe na kuchomwa.

Pili, udongo ulishwe. Samadi iliyooza vizuri na mbolea hupunguza makali ya kayongo.

Tatu, mazao yabadilishwe. Soya na njugu karanga huifanya mbegu ya kayongo iote, lakini haiwezi kujishikiza kwenye mizizi yake, hivyo hufa njaa.

Nne, kuna kilimo cha vuta-sukuma, kilichobuniwa katika miaka ya 1990 na watafiti wa kituo cha icipe pamoja na wenzao wa Kenya na Uingereza. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, na nepia au brakiaria huzunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu huotesha mbegu za kayongo na kuzizuia kujishikiza. Harufu yake pia hufukuza nondo wa bungua, nao nepia huwavuta pembeni. Mbegu ya desmodiamu si rahisi kwa bei, na msimu wa kwanza hukua polepole. Lakini ikishika hudumu miaka kadhaa, na ng'ombe hupata malisho.

Tano, kuna mbegu za mahindi zilizopakwa dawa ya imazapiri, mojawapo ikiwa ile iliyopewa jina Ua Kayongo. Anayeipanda anawe mikono kabla ya kugusa mbegu za maharagwe, kwa sababu dawa hiyo huziua.

Hakuna njia moja itakayolisafisha shamba kwa msimu mmoja. Tena shamba moja halitoshi, kwa kuwa mbegu hazitambui mpaka. Majirani waking'oa pamoja, misimu mfululizo, hazina ya mbegu ardhini hupungua. Mwenye shaka kuhusu mmea aliouona amwite afisa wa kilimo wa wadi yake autazame shambani, kabla haujachanua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.