Sanduku la Nyoka Limepitwa na Wakati



Katika nyumba za mashambani huweza kuonekana mpaka leo kijisanduku cha bati kilichorithiwa kwa babu. Ndani yake mna wembe, kamba ya mpira, na kichupa cha chembe za rangi ya zambarau zinazoitwa pamanganeti. Hilo ndilo sanduku la nyoka. Mwenye nyumba hulitunza kwa heshima, naye huamini kwamba mtoto wake akiumwa na moma, uzima umo katika bati lile. Imani hiyo yapasa kuchunguzwa.

Dawa ile ina asili ya heshima. Mwaka 1881 mtaalamu mmoja wa Brazili, jina lake Lacerda, alitangaza kwamba pamanganeti huharibu sumu ya nyoka. Mwaka 1904 Sir Lauder Brunton wa Uingereza, pamoja na wenziwe, alieleza kifaa kidogo cha mbao chenye kijisu upande mmoja na chembe zile upande wa pili. Mtu alitakiwa kupasua pale palipoumwa na kusugua dawa ndani. Wazo lao halikuwa la kijinga, kwa kuwa sumu ikichanganywa na pamanganeti katika chupa huharibika kweli. Lakini mwili wa mtu si chupa. Sumu hutawanyika upesi nyamani, mahali ambapo dawa haiifikii, nayo dawa yenyewe huunguza nyama nzima. Tena sumu ya baadhi ya nyoka huzuia damu isigande, na hapo chale la wembe huvuja pasipo kukoma.

Zikaja pampu za kufyonza, ambazo wasafiri walizipenda sana. Mwaka 2004 waganga wa Marekani walizijaribu: waliwadunga watu waliojitolea maji yasiyo na sumu, yenye alama inayopimika kwa mitambo, kisha wakafyonza. Kilichotoka kilikuwa kidogo mno hata hakikuweza kumfaa mgonjwa.

Kamba ndiyo iletayo msiba mkubwa zaidi. Mguu ukikazwa hata damu isipite, nyama huanza kufa. Na sumu ya moma, ambayo huvimbisha na kuozesha, hufungiwa mahali pamoja. Kuna watu waliookoka na sumu wakakatwa mguu kwa ajili ya kamba. Aliyekwisha fungwa kamba asifunguliwe ghafla njiani; yafaa afunguliwe mbele ya mganga, kwani sumu iliyozuiliwa yaweza kuingia mwilini kwa mara moja.

Je, nini kimeshika mahali pa vitu hivi? Mwaka 1979 Struan Sutherland wa Australia alionyesha kwamba bendeji pana, iliyozungushwa kiungo chote kwa nguvu ya kadiri pamoja na banzi, huichelewesha sumu bila ya kuzuia damu. Njia hiyo yafaa kwa nyoka ambao sumu yao hulegeza viungo na pumzi, kama vile koboko. Kwa moma na kwa swila atemaye mate haifai, maana sumu yao hudhuru nyama palepale. Na kwa kuwa mara nyingi mtu aliyeumwa gizani hajui ni nyoka gani, lililo salama kwa wote ni kumtuliza, kumlaza, na kukifunga kiungo kwenye banzi kisitikisike. Pete, bangili na viatu vitolewe mapema kabla ya uvimbe. Akitapika au akilegea, alazwe ubavu. Nyoka asiwindwe, wengi huumwa wakati wa kumfukuza.

Kisha hospitali. Dawa ya kupinga sumu, iliyotokana na kazi ya Calmette wa Ufaransa mwaka 1895, ndiyo dawa ya kweli, lakini si ya kuwekwa kabatini. Hutiwa katika mshipa, na mara nyingine mwili huikataa kwa ukali, hata mganga hulazimika kuwa na dawa nyingine tayari mkononi. Wala si kila zahanati inayo. Wazee wa kijiji wangefanya vema kuuliza mapema ni hospitali gani iliyo nayo, kuliko kuuliza usiku wa manane huku mgonjwa yuko mlangoni.

Katika nyanda za chini za Nepali wanavijiji walipanga zamu za pikipiki. Mgonjwa aliketishwa katikati, baina ya dereva na mtu wa kumshika nyuma, akapelekwa moja kwa moja penye dawa, na vifo vilipungua sana. Bodaboda hazikosekani Kitui, Baringo wala Kilifi. Linalotakiwa ni zamu, nambari za simu za madereva wawili watatu, na fedha za mafuta zilizowekwa kando.

Bati lenyewe halina kosa: litiwe bendeji pana na karatasi ya nambari zile. Wembe ule utafaa kunyolea.