Baiskeli Imara kwa Mwendeshaji Mzito na Njia za Mlimani

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya Makatibu na Wajumbe wa Kamati za vyama vya msingi, Moshi)



Nimeombwa niseme machache juu ya vyombo vya usafiri vya vyama vyetu. Nimechagua chombo kilicho kidogo kuliko vyote, yaani baiskeli, na hasa baiskeli ya gia inayopanda na kushuka mlima huu ikiwa imebeba mtu mzito. Huenda wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la fundi, wala si la mkaguzi. Lakini fedha inayonunua baiskeli ni fedha ya wanachama, na anayeteremka nayo ni mtumishi wa wanachama. Mambo hayo mawili yanatuhusu sote.

Najua kwamba siku hizi pikipiki imechukua sehemu kubwa ya kazi. Hata hivyo pikipiki hudai petroli kila siku, na viko vyama visivyoweza kuilipia mwaka mzima. Karani anayezunguka vihambani kuandikisha kahawa, mjumbe anayepeleka barua za mkutano, na mwanachama anayeteremsha maziwa au ndizi, bado wanaitegemea baiskeli.

Mtajua kwamba mji wa Moshi uko yapata mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na vihamba vya kahawa vinapanda kati ya mita 1,000 na 1,800. Kwa hiyo mtumishi anayetoka juu kuja mjini anaweza kushuka mita 500 au zaidi kwa safari moja, na jioni hana budi kuzipanda tena. Baiskeli nyeusi tuliyoizoea, iwe Raleigh ya Uingereza, Phoenix ya Uchina, au Hero ya India, ilitengenezwa kwa nchi ya tambarare. Huko Kahe na Mabogini bado ni chombo bora. Lakini ina mwendo mmoja tu, na breki zake za vyuma hubana ringi ya chuma ambayo ikilowa mvua huteleza. Ndiyo maana watu wa mlimani wamegeukia baiskeli za gia, nyingi zikiwa za mtumba. Uamuzi huo ni mzuri, ila tumekuwa tukiziangalia kwa macho tu: rangi, springi, na hesabu ya gia. Vitu vinavyobeba mzigo hatuvitazami.

Sasa tufanye hesabu. Chukueni mwendeshaji wa kilo 105, baiskeli ya kilo 17, na mzigo wa kilo 40 juu ya keria. Jumla ni kilo 162. Mtu aketipo, yapata sehemu 60 kwa mia za uzito wake huangukia gurudumu la nyuma, nao mzigo wa keria karibu wote huangukia huko. Kwa hiyo gurudumu la nyuma hubeba zaidi ya kilo 110. Mwendeshaji wa kilo 65 asiye na mzigo hulipa gurudumu hilo hilo kilo zisizofika 50. Baiskeli ni moja, lakini kazi imezidi maradufu. Basi asilaumiwe mtu kwa mwili wake.

Nalisema hili kwa sababu. Katika vitabu vya chama kimoja, ambacho sitakitaja, nilikuta karani amekatwa mshahara mara tatu kwa msimu mmoja kulipia magurudumu yaliyovunjika. Sababu iliyoandikwa ilikuwa maneno mawili tu: "uzito wake". Nilipoliangalia gurudumu lenyewe, spoki zilikuwa nyembamba, nyingine zimelegea kabisa, na kila iliyovunjika ilikuwa imebadilishwa peke yake, zile zilizochoka zikiachwa mahali pake. Niliishauri kamati imrudishie karani fedha zake na kulijenga gurudumu upya. Kamati ilikubali. Chama kikimpa mtumishi chombo kisichomfaa kisha kikamtoza hasara yake, huko si kulinda mali ya wanachama, bali ni kumdhulumu mmoja wao.

Ndugu, tuanze basi na gurudumu la nyuma, kwa kuwa hapo ndipo penye maradhi. Waingereza waliotengeneza zile baiskeli nyeusi waliweka spoki 32 mbele na 40 nyuma. Walijua uzito unakaa wapi. Kwa baiskeli ya gia ya mtu mzito msikubali chini ya spoki 36 nyuma. Spoki ziwe za chuma kisichoshika kutu, zenye unene wa milimita 2, na ringi iwe ya aluminiamu yenye kuta mbili. Ringi ya ukuta mmoja hujipinda upesi.

Spoki haivunjiki kwa sababu imevutwa mno. Aghalabu huvunjika kwa sababu imelegea. Kila gurudumu linapozunguka, spoki iliyo chini hupungua mvuto, kisha ikipanda hukazika tena. Gurudumu la inchi 26 huzunguka karibu mara 480 katika kila kilomita. Spoki iliyolegea hupigwapigwa kila mzunguko mpaka ikatike, na hukatikia pale inapojikunja kuingia kwenye habu. Kwa hiyo fundi anayekaza vizuri ni wa thamani kuliko spoki ghali. Kuzipima ni rahisi: zigusegeni kwa kidole kama nyuzi za zeze. Spoki za upande mmoja zitoe sauti inayokaribiana. Upande wa gia utalia kwa sauti ya juu kuliko upande wa pili, na hilo si kosa. Gurudumu jipya lirudishwe kwa fundi baada ya wiki mbili za kazi likazwe tena. Na spoki zikianza kukatika moja baada ya nyingine, msiendelee kubadilisha moja moja. Badilisheni seti nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jambo la pili ni ekseli ya nyuma. Ziko habu za aina mbili. Katika aina ya kwanza, friwili nzima hufungwa kwa nati juu ya habu. Gololi za upande wa gia hukaa ndani sana, na kipande kirefu cha ekseli hubaki bila kushikwa. Mtu mzito akipita kwenye mashimo, ekseli hiyo hupinda na mwishowe hukatika. Katika aina ya pili, meno ya gia huvikwa juu ya mwili wa habu, na gololi hukaa karibu na mwisho wa ekseli. Aina hiyo ndiyo itufaayo. Kuzitambua, toeni gurudumu, kisha zungusheni meno kinyumenyume huku mkitazama pale fundi anapoingiza ufunguo wake. Pakizunguka pamoja na meno, hiyo ni aina ya pili. Pakitulia na meno yakazunguka peke yake, hiyo ni friwili ya nati. Kama hiyo ndiyo pekee inayopatikana, basi ekseli iwe nzima yenye nati pande zote mbili, wala si ile yenye tundu katikati inayofungwa kwa mkono.

Tatu ni matairi. Chagueni tairi pana, la inchi 2 au zaidi kidogo, ikiwa fremu na breki zinaruhusu. Tairi lenye upepo mdogo hugonga jiwe mpaka ringi ikabana tyubu, na tyubu hutoboka mashimo mawili yaliyo sambamba kama alama za meno ya nyoka. Mkiona mashimo hayo, msitafute mwiba. Mwizi ni upepo haba. Kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Mtu mzito akaribie kipimo cha juu, hasa nyuma, lakini asikipite kamwe. Pampu ya chama inagharimu kidogo kuliko tairi moja.

Nne ni breki, na hapa, Ndugu zangu, sizungumzi tena juu ya shilingi. Zile kilo 162 zikishuka mita 500 huzaa joto ambalo, kama lingekusanywa lote, lingechemsha lita 2 za maji na kuzidi. Upepo na barabara huchukua sehemu yake, na sehemu kubwa iliyobaki huingia katika breki. Raba zilizokwisha, au waya uliochakaa, haziwezi kazi hiyo. Ringi ikipata moto mno, tyubu yaweza kupasuka katika mteremko. Kwa hiyo ringi za chuma zisikubaliwe mlimani, maana zikilowa wakati wa masika raba hazishiki. Breki za sahani zinazovutwa kwa waya zinafaa sana, mradi vipande vyake vya kusagia vinapatikana mjini. Breki ambayo vipuri vyake havipatikani ni pambo tu.

Waelezeni waendeshaji watumie breki zote mbili, wapunguze mwendo kabla ya kona badala ya kusubiri wakiwa ndani yake, na katika mteremko mrefu wasimame ringi zipoe. Kila Jumatatu waya za breki zitazamwe pale zinapoingia mkononi na zinapofungwa chini. Uzi mmoja ukikatika, waya mzima ubadilishwe siku hiyo hiyo.

Tano ni fremu na uma wa mbele. Wengi huvutiwa na springi. Springi za bei ndogo huzama chini ya mtu mzito na kukaa huko huko, kisha maungio yake hulegea na usukani kucheza. Uma wa chuma usio na springi ni bora. Springi za nyuma ndizo mbaya zaidi, kwa kuwa huzuia keria kufungwa vizuri na hula nguvu ya mpandaji. Fremu ya chuma huweza kuchomelewa na fundi wetu ikipata ufa; ya aluminiamu ikipasuka, msimruhusu mtu kuipanda hata ikiwa imechomelewa barabarani. Mnaponunua mtumba, pitisheni kidole chini ya bomba la mbele, karibu na usukani. Rangi ikiwa imekunjamana hapo, baiskeli hiyo imekwisha kugonga kitu. Nguzo ya tandiko nayo ina alama ya mwisho wa kuivuta. Alama hiyo ikionekana nje, nguzo ni fupi kwa mtu huyo, na itavunjika au kupasua fremu.

Sita ni krenki na gia. Bolti za krenki zikazwe tena baada ya siku chache za kwanza, maana krenki iliyolegea huharibu tundu lake, na dawa yake ni kununua nyingine. Kumbukeni pia kwamba pedali ya kushoto hukazwa kwa kuzungushwa kinyume. Ama gia, wingi wake si kitu. Kinachotakiwa ni gia moja nyepesi ya kupandia, kwa mfano meno 22 mbele na 34 nyuma. Mtu mzito akikosa gia hiyo husimama juu ya pedali na kusukuma kwa uzito wake wote, na hapo mnyororo, krenki na ekseli huumia pamoja.

Sasa, Ndugu Makatibu, haya yote yaingie vipi katika kazi yenu? Kwanza, mizani ya kupimia kahawa ipime na hili. Kama mizani yenu ni ya sakafuni, mwekeni mwendeshaji mzito kuliko wote juu ya baiskeli, pamoja na mzigo wake wa kawaida, gurudumu la nyuma likiwa juu ya mizani na la mbele juu ya ubao wa kimo kile kile, watu wawili wakimshika. Andikeni kilo hizo. Hizo ndizo kipimo cha ununuzi wenu, wala si kilo za kijana mwembamba anayeijaribu baiskeli mbele ya duka.

Pili, andikeni sifa za baiskeli kabla ya kuuliza bei: hesabu ya spoki, aina ya habu, ringi, breki na uma. Muuzaji ajibu karatasi yenu, si ninyi mjibu maneno yake. Tatu, katika makisio mtakayopeleka mbele ya mkutano mkuu, tengeni fungu la kujenga gurudumu la nyuma upya pale mnaponunua baiskeli ya mtumba. Kama fedha hazitoshi kwa baiskeli mbili, nunueni moja iliyo imara. Nne, fungueni ukurasa wa kila baiskeli katika daftari la mali, na kila matengenezo yaandikwe na sababu yake ya kweli. "Spoki zililegea" ni sababu. "Uzito wake" si sababu.

Mwisho, msione haya kumuuliza mtumishi uzito wake, naye asione haya kuutaja. Tunapopokea kahawa tunapima kila gunia ili mwenye nalo asipunjwe. Mtu anayeteremka mlima huu kwa kazi yetu naye apimwe kwa nia hiyo hiyo, ili apewe chombo kitakachomfikisha nyumbani salama.