Mtoto Mdogo na Mchezo wa Nje: Maneno kwa Wazazi



Mara nyingi mtoto wa miaka minne hurudi nyumbani jioni, nguo zimejaa tope, mfukoni ana vijiwe na mbegu, na gotini pana mkwaruzo. Mama humwuliza, "Ulikuwa ukifanya nini mchana kutwa?" Mtoto hujibu, "Nilikuwa nikicheza." Jibu hilo huwaudhi wazazi wengi, na pengine fimbo hufuata, kwa kuwa wao hudhani ya kuwa siku nzima imepotea bure. Kusudi la mazungumzo haya ni kuonyesha ya kuwa siku ile haikupotea, na ya kuwa aliyepata hasara ni yule mwenzake aliyefungiwa ndani apate kubaki safi.

Mchezo unaotajwa hapa si ule wa kupigiwa filimbi na kupangwa mistari. Ni ule ambao mtoto mwenyewe huuchagua, huuanza, huutungia sheria, na huuacha apendapo. Tazameni watoto watatu walio kando ya kijito. Mmoja ajenga ukuta wa mchanga, wa pili aleta maji kwa kopo, na wa tatu atafuta vijiti vya kuezekea nyumba. Mara maji yabomoa ukuta. Wabishana kidogo, kisha wajenga tena, safari hii kwa mawe. Hapana mtu aliyewafundisha, walakini wamekwisha jua ya kuwa maji hufuata mteremko, ya kuwa jiwe hushinda mchanga, na ya kuwa kazi ya watu watatu haiendelei mpaka wapatane. Mtoto aliyejifunza hayo kwa mikono yake hatayasahau upesi.

Katika Kenya uko mfano unaojulikana ulimwenguni kote. Marehemu Profesa Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 huko Ihithe, katika wilaya ya Nyeri. Mwaka 2004 alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani, alieleza mbele ya wakuu waliokusanyika jinsi alivyokuwa akienda kijitoni kumtekea mama yake maji. Huko alicheza kati ya majani ya nduma, akajaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ya kuwa ni shanga, lakini kila mara yakakatika mikononi mwake. Baadaye akaona viluwiluwi wakiogelea katika maji maangavu. Alipokuwa mtu mzima, kijito kile kilikuwa kimekauka. Basi mwanamke yule, ambaye mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti ya Green Belt Movement, alikuwa amejua tangu utotoni ni kitu gani kilichopotea. Mtu hawezi kulilia kijito ambacho hakupata kukichezea.

Zaidi ya hayo, afya ya mwili yahusika. Jua huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, ambayo huimarisha mifupa; mtoto akosaye jua huweza kupatwa na matege, hata katika nchi yenye jua jingi kama hii. Macho nayo huhitaji mwanga wa nje. Katika mji wa Guangzhou, nchini China, wataalamu walichagua shule 12. Katika nusu ya shule hizo watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka 3, katika kila watoto 100 wa shule zisizoongezewa muda, karibu 40 walikuwa wameanza kutoona vema vitu vya mbali. Katika zile zilizoongezewa, walikuwa karibu 30.

Udongo pia si adui siku zote. Katika nchi ya Finland, wataalamu walitandaza udongo wa msituni na majani mabichi katika viwanja vya shule za watoto wadogo, nao watoto wakavichezea siku 28. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha ya kuwa vijidudu visivyodhuru vilivyo juu ya ngozi zao vilikuwa vya namna nyingi zaidi, na damu yao ilikuwa na dalili njema katika nguvu za kujikinga na maradhi. Watoto hao hawakuwa wengi, lakini habari yenyewe yastahili kufikiriwa.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri ya kuwa mtoto wa miaka 3 au 4 apate muda wa saa 3 au zaidi kila siku za kujinyosha na kutembea, na katika hizo saa moja iwe ya kukimbia na kuruka kwa nguvu. Na muda wa kukaa mbele ya televisheni au simu usizidi saa moja.

Huenda mkazi wa mjini akauliza, "Watoto watacheza wapi, na sisi twakaa chumba kimoja?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake si la mzazi mmoja peke yake. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Maathai aliupinga, akatukanwa sana, lakini mwishowe mpango uliachwa. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao kifungu chake cha 31 hutaja haki ya kucheza. Kenya iliukubali mwaka 1990. Kwa hiyo watu wa mtaa wanapoona kiwanja cha watoto kikizungushiwa mabati, yafaa waulize mapema kwa nini.

Hapana budi kusema habari za hatari pia, maana mzazi mwenye hofu si mjinga. Kisima kisichofunikwa, shimo la machimbo lililojaa maji, barabara ya magari, na vipande vya chupa ni vitu vya kuondoa au vya kuwekea uzio. Mtoto mdogo asiachwe karibu na maji bila mtu mzima kumwona. Mahali pa kuchezea pawe mbali na choo. Na mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, avae viatu penye funza, na apewe dawa ya minyoo kama mganga wa zahanati atakavyoagiza. Lakini kupanda mti mfupi, kuruka mfereji mdogo, na kuanguka mchangani ni mambo mengine. Hayo humfundisha mtoto kupima nguvu zake, na asiyejifunza kupima akiwa mdogo atajifunza kwa gharama kubwa akiwa mkubwa.

Kazi ya mtu mzima, basi, ni kutazama, kuondoa hatari iliyo kubwa, na kunyamaza. Asikimbilie kusema, "Si hivyo, fanya hivi." Wala hahitaji kununua vitu vya dukani: mchanga, maji kidogo katika beseni, vijiti, mbegu, na kivuli cha mti vyatosha.

Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Nguo yenye tope itafuliwa kesho na kuanikwa juani. Utoto ukipita haurudi kufuliwa.