Upawa Unaoisoma DNA: Umbo la Protini za Vinyweleo vya Bakteria



Nitazungumzia hasa protini moja, ComP, iliyomo kwenye vinyweleo (nyuzi nyembamba zinazochomoza nje) vya Neisseria meningitidis, bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Ukanda wa milipuko ya ugonjwa huo unaanzia Senegal hadi Ethiopia, na unagusa kaskazini mwa Uganda. Nakala za ComP ni chache mno katika kila bakteria. Hata hivyo protini hiyo inatupa sehemu ya jibu la swali lililoanza mwaka 1928. Mwaka huo Frederick Griffith, akiwa London, alionyesha kwamba bakteria wa nimonia wasio na madhara, wakidungwa ndani ya panya pamoja na wenzao wakali waliouawa kwa joto, hugeuka kuwa wakali. Mwaka 1944 Avery, MacLeod na McCarty walithibitisha kule New York kuwa kilichohama ni DNA. Lakini DNA ni uzi mrefu wenye chaji hasi, na Neisseria amejifunika utando wa nje juu ya utando wa ndani. Uzi huo unapitaje?

Unavutwa ndani na kinyweleo. Vinyweleo hivi hujengwa kwa protini ziitwazo pilini, na pilini ya Neisseria ilipopatikana umbo lake mwaka 1995, watafiti waliona kitu kama upawa: mpini mrefu wa heliksi, yapata nanomita 8.5, na kichwa cha mviringo chenye tabaka la nyuzi bapa za protini. Nusu ya kwanza ya mpini haipendi maji, kwa hiyo pilini mpya hukaa ndani ya utando ikisubiri zamu yake. Kimeng'enya PilD hukata kipande cha mwanzo, kisha huiwekea asidi amino ya kwanza kikundi cha methili. Hapo ndipo injini ya PilF inapozipanga, maelfu kwa maelfu, mipini ikibanana katikati na vichwa vikitazama nje. Uzi unaotokea una unene wa nanomita sita au saba tu, lakini urefu wake huzidi ule wa bakteria mwenyewe.

Kuna jambo hapa ambalo halijaacha kunishangaza. Mwaka 2016, hadubini ya elektroni ya baridi kali ilionyesha kwamba ndani ya uzi uliokamilika, kipande kifupi cha mpini, karibu na asidi amino ya 22, prolini, hufumuka na kuacha kuwa heliksi. Kufumuka huko kunaeleza vizuri jinsi kinyweleo kinavyoweza kuvutwa na kunyumbuka bila kukatika. Nacho huvutwa kwelikweli: injini ya pili, PilT, hukibomoa kutoka kwenye shina na kukirudisha ndani kwa nguvu ya takriban pikonewtoni 100, ambayo ni zaidi ya mara elfu kumi ya uzito wa bakteria.

Turudi kwa ComP. Neisseria hapokei DNA yoyote tu. Hupendelea iliyo na herufi kumi hizi: GCCGTCTGAA. Katika jenomu yake yenye herufi zaidi ya milioni mbili, mfuatano huo ungetarajiwa kujitokeza kwa bahati mara nne hivi. Upo mara 2,000 hivi. Basi lazima pawepo kitu kinachousoma. Mwaka 2013 kundi la Vladimir Pelicic, Imperial College London, lilionyesha kuwa kisomaji hicho ni ComP. Nayo ni upawa uleule! Kilichobadilika ni upande mmoja wa kichwa, ambako mstari wa chaji chanya umejipanga. Chaji hiyo huvuta DNA ya kila namna. Vitanzi viwili vilivyo jirani na mstari huo ndivyo vinavyosaidia kuchagua iliyo na herufi zinazofaa.

Kwa bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, tendo lenyewe la kuvuta DNA limeshuhudiwa. Mwaka 2005 maabara ya Gary Schoolnik, Stanford, iligundua kuwa kaitini, dutu ya magamba ya kamba na kaa, ndiyo inayomwamsha bakteria huyo apokee DNA. Mwaka 2018 Ankur Dalia na wenzake, Chuo Kikuu cha Indiana, walibadilisha asidi amino moja ya pilini iwe sisteini, wakaipaka rangi ing'aayo, wakarekodi. Kinyweleo kinachomoza, ncha inagusa DNA, kinarudi, na DNA inaingia nacho kupitia tundu la utando wa nje. Vibrio hachagui herufi. Pilini chache za nchani ndizo zinazoishika DNA.

Yote haya yanatuhusu hospitalini. Bakteria wa kisonono, ndugu wa karibu wa Neisseria huyu, aliokota kwa njia hii vipande vya jeni ya penA kutoka kwa jamaa zake wapole wanaoishi kooni mwa watu, na vipande hivyo vikampunguzia makali ya sefalosporini, dawa ambazo zimekuwa tegemeo letu la mwisho. Aliyeelewa umbo la ComP ameelewa mlango ambao usugu huo unapitia.

Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba fenothiazini, dawa zinazotumika kutibu maradhi ya akili, humpokonya bakteria wa homa ya uti wa mgongo vinyweleo vyake na kumzuia kuvamia mishipa ya damu. Ni hatua kubwa. Mimi ningependa tuende mbali zaidi, tutafute molekuli ya kuziba ule mstari wa chaji. Haitamponya mgonjwa peke yake. Itatolewa pamoja na antibiotiki, ili bakteria watakaosalia wasiweze kuokota usugu. Wanafunzi wa kemia mlio hapa, umbo la ComP limewekwa kwenye hazina ya wazi ya maumbo ya protini, nanyi mnaweza kulipakua bure usiku huuhuu.